Pombe, Bia na Kamusi

Neno pombe halijapata haki yake katika kamusi za Kiswahili. A. C. Madan, katika kamusi yake ya mwaka 1903, alilifasiri kuwa ni bia ya wenyeji. Na kamusi kubwa ya 1939 yenye jina la Frederick Johnson, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, iliipokea fasiri hiyo bila ya kuisumbua. Fasiri hii ina sehemu mbili. Ya kwanza, kwamba pombe hutengenezwa kwa nafaka, ni habari ya kweli juu ya kitu chenyewe. Ya pili, kwamba ni ya wenyeji, si habari ya kitu hata kidogo: ni habari ya mtu anayekinywa, na ya serikali iliyomtawala mtu huyo. Hapo ndipo mtunga kamusi alipoingiza sheria ndani ya lugha, naye hakujua.

Ama kwa asili, bia ya Mzungu na pombe ya Mnyamwezi ni ndugu wa tumbo moja. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, hukaushwa, husagwa ikawa kimea. Kimea hutiwa katika maji ya moto au uji, kisha hupata chachu. Moja hutumia shayiri, nyingine mtama au ulezi. Tofauti yenye uzito ni kwamba bia hutiwa hopsi, huchujwa na kufungwa katika chupa, ikakaa miezi; pombe huendelea kuchachuka mtunguni, na baada ya siku chache haifai. Jambo hili dogo ndilo mama wa mambo yote yaliyofuata, na ajabu ni kwamba hakuna fasiri inayoligusa.

Kwa maana kitu kisichowekeka hakikusanyiki kuwa mali ya mtu mmoja. Mwenye mavuno mengi aliyepika pombe alilazimika kuigawa upesi, na njia iliyo bora ya kuigawa ilikuwa kuwaalika majirani waje kulima au kujenga, kisha wanywe. Nafaka iliyozidi iligeuka nguvu za mikono. Kilimanjaro, mbege ya ndizi na ulezi ilifanya kazi hiyo, na zaidi ya hiyo ilipatanisha wagomvi na kukamilisha mahari. Ugavi huu wote ulikuwa ni uchumi, ijapokuwa haukuandikwa katika daftari, na asiyeutaja husema nusu ya maana ya neno.

Sheria za wakoloni zilianza kwa vinywaji vikali. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe za kukenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza kamba zaidi. Pombe ya nafaka haikuguswa na mikataba hiyo. Iligundulikana baadaye, na waliogundua thamani yake ni watu wa manispaa. Katika koloni la Natal ilipitishwa sheria mwaka 1908, na mwaka uliofuata mji wa Durban ukajitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe kwa Waafrika. Faida ililipia majengo na askari wa kuwatawala wanywaji wale wale. Mfano huo ulipanda kaskazini hata Nairobi, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1920 jumba la pombe la manispaa lilifunguliwa Pumwani. Wanawake waliokuwa wakijipatia kodi ya nyumba kwa mtungi wakawa wahalifu kwa kutenda kazi ile ile ambayo manispaa iliitenda kwa halali.

Lugha iliyaona haya yote. Neno kilabu latokana na neno la Kiingereza ambalo kwa Waingereza lilikuwa nyumba ya mabwana, yenye viti vya ngozi na mlango uliofungiwa wengine. Katika Tanzania limeshuka hata kuwa banda la pombe ya kienyeji, na banda la chupa likaitwa baa, au grosari. Mtu akisema anakwenda kilabuni, msikilizaji amekwisha kujua kipato chake.

Bia nayo ina historia yake. Kenya Breweries iliundwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst pamoja na wenzao; George Hurst aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikachukua jina la pembe za mnyama yule. (Mswahili wa pwani atacheka hapa, kwani tembo kwake ni mnyama na pia ni kinywaji cha mnazi.) Kampuni hiyo iliungana na ile ya Tanganyika mwaka 1936. Katika Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka 1947. Kwa hiyo katika miaka ile maneno pombe na bia hayakutenga vinywaji viwili tu. Yalitenga aina mbili za raia. Lugha ilikuwa na neno jingine bia, la kale, lenye maana ya kushirikiana, ambalo limebaki katika ubia. Hayana nasaba, lakini ni dhihaka nzuri.

Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, amesimulia habari za ulevi katika Afrika ya Mashariki tangu 1850, na hapana aliyemzidi kwa upana. Hoja yake ni juu ya mamlaka: nani ana haki ya kunywa, na nani ya kumnywesha mwingine. Hoja hiyo ni imara. Walakini yeye ni mwanahistoria, na maneno si shabaha yake. Kazi hiyo imewangojea wanalugha, nao wamekawia.

Na kazi ni nyingi. Waragi ya Uganda na konyagi ya Tanzania ni majina yenye asili ya ng'ambo. Chibuku, husimuliwa, latokana na buku ambamo mpishi wake wa Kizungu, katika Zambia ya leo, aliandika kila pishi lake: pombe ya mtungi iliyoingia kiwandani ikatoka na jina la daftari. Mwaka 2004 Kenya iliisamehe kodi bia ya Senator iliyouzwa kwa mapipa, ili mnywaji maskini aiache chang'aa. Mwaka 2013 ilitozwa nusu ya kodi kamili, mauzo yakaporomoka, na mwaka 2015 msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Kilichomhamisha mnywaji kilikuwa senti. Sheria ya Kenya ya 2010 iliihalalisha chang'aa, lakini ikataka vinywaji vifungwe katika vyombo visivyopungua mililita 250, na kwa leseni. Mpishi wa Mathare mwenye pipa na jiko hana kiwanda cha chupa. Chang'aa yake bado huitwa magazetini pombe haramu.

Tena neno lenyewe limetanuka: leo wiski ni pombe, mvinyo ni pombe, na bia ni pombe. Fasiri ya Madan imekufa. Mtunga kamusi wa sasa hana budi kuandika kwanza maana pana, ya kila kinywaji kileweshacho. Kisha maana ya asili, ya kinywaji cha nafaka au ndizi kilichochachuka na kisichokaa. Kisha matumizi yake ya kulipia kazi na kupatanisha. Neno kienyeji liwekewe alama kuwa ni la sheria na biashara. Na kwa kuwa mgema, mwanamume apandaye mnazi, ana neno lake na methali yake, mwanamke ampimiaye mnywaji kwa kikombe naye aingizwe kwa jina alilopewa na wateja wake Nairobi: mama pima.