Nani Aligundua Jinja? Uhakiki wa Maandishi ya Matembezi ya Siku Moja Kutoka Kampala

Miongoni mwa maandishi ambayo wahakiki wetu hawajayatazama kwa makini ni yale yanayomwelekeza msomaji mahali pa kutembelea na kurudi siku hiyo hiyo. Tunahakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Lakini kijitabu cha mwongozo wa matembezi twakipokea kama ratiba ya gari moshi, kana kwamba hakina mtazamo wowote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kinao, na kwamba mtazamo huo huingia katika madaftari ya wanafunzi wetu kila tunapowapeleka matembezini. Nitachukua mfano wa mji wetu mkuu, Kampala, na njia tatu ambazo miongozo mingi huzitaja: ya Entebbe, ya Masaka na ya Jinja.

Kwanza tuyape maandishi hayo haki yake. Msomaji huelezwa kwamba Entebbe iko kilomita zipatazo 40 kutoka Kampala. Kwamba ikweta huikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, baada ya kilomita 70 na ushei. Na kwamba Jinja iko kilomita 80 hivi upande wa mashariki. Asiye na gari lake hupanda teksi asubuhi, zile ambazo jirani zetu wa Kenya huziita matatu na wa Tanzania daladala, naye huweza kurudi kabla ya usiku kuingia. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na fedha haba hana budi kushukuru kwa maelezo hayo. Kasoro ninazokusudia kuzitaja haziko katika kilomita wala katika nauli. Zimo katika lugha.

Kasoro ya kwanza ni ya kitenzi kimoja. Kuhusu Jinja, aghalabu twasoma kwamba chanzo cha Mto Nile "kiligunduliwa" na Mwingereza John Hanning Speke tarehe 28 Julai 1862. Hapa sina budi kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu Jinja, na tuliporudi nikawapa insha. Msichana mmoja, mzaliwa wa Busoga, aliandika kwamba Speke "alifika" penye mto na kwamba wenyeji walimwonyesha mahali maji yanapotoka ziwani. Nilipiga mstari mwekundu chini ya "alifika", nikaandika juu yake "aligundua", maana ndivyo kilivyosema kijitabu nilichokuwa nacho, kisha nikamkata alama moja. Aliponijia hakubisha. Aliuliza tu: "Mwalimu, kugundua si kujua jambo ambalo lilikuwa halijulikani?" Nikamjibu kuwa ndivyo. Akasema: "Basi watu waliomwonyesha walikuwa hawajui walichomwonyesha?"

Nilimrudishia alama yake. Hata hivyo, swali lile halikuniachia usingizi mwema, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesomea maana za maneno, naye ndiye aliyelitumia neno kwa maana yake.

Mtetezi wa vijitabu atasema kwamba Speke hakugundua maji; aligundua kwamba maji yale ndiyo yaendayo Misri. Hoja hii ina uzito, lakini nayo yataka kupimwa. Speke alifika pale kwa idhini ya Kabaka Muteesa I, baada ya kukaa miezi kadhaa Buganda. Aliona maji yakitoka ziwani, akashikilia kwamba hiyo ndiyo Nile. Wenzake wa huko Uingereza walimbishia, na ubishi ulipungua tu baada ya Henry Morton Stanley kulizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Tena ziwa lenyewe hupokea maji ya Mto Kagera, ambao mikono yake huanzia Rwanda na Burundi. Ndiyo sababu jirani zetu wa Burundi wana piramidi yao ya chanzo cha Nile kule Rutovu, iliyojengwa mwaka 1938. Kwa hiyo sentensi ya kweli ni hii: Speke aliongozwa hadi pale, akaona, akadai, wengine wakathibitisha baadaye. Ni ndefu kuliko ya kijitabu, lakini kila kitenzi ndani yake kina mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kutuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Msafara wa Speke ulitoka Zanzibar mwaka 1860, na lugha ya misafara ya namna ile ilikuwa Kiswahili. Miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani utotoni, akapelekwa India, kisha akarejea Zanzibar. Yeye na Speke walielewana kwa Kihindustani. Bila watu kama yeye, Speke asingeweza kuuliza njia. Lakini katika vijitabu vya matembezi jina lake ni nadra kuonekana, na mwanafunzi hurudi nyumbani akidhani kwamba lugha yake ilifika ukingoni mwa Nile juzi tu, kwa basi la shule.

Kasoro ya pili ni ya majina. Vijitabu huyataja bila kuyafungua. Entebbe latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Yasimuliwa kwamba mkuu mmoja mwenye cheo cha Mugula alikuwa akiketi pale juu ya viti vya mawe akikata mashauri ya watu. Baadaye Waingereza nao waliweka hapo makao ya serikali yao, hata uhuru ulipopatikana mwaka 1962. Bustani ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898, husifiwa kwa vivuli vyake tu, ilhali ilikuwa mahali pa kujaribia mazao ya biashara. Jinja nalo ni jina la mawe. Mawe hayo yalikuwa kwenye maporomoko ambayo Speke aliyaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Kiingereza. Yote yalifunikwa na maji bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954. Leo bwawa hilo laitwa Nalubaale, jina ambalo Waganda waliliita ziwa kabla halijaitwa Victoria. Je, si somo zima la historia hilo, limelala ndani ya majina matatu?

Mwalimu wa lugha hupoteza zaidi. Pale Mpambire, katika njia ya Masaka, mafundi huchonga ngoma kando ya barabara. Kijitabu humwambia msomaji asimame apige picha. Hakimwambii kwamba Waganda huiita engoma, na kwamba mwanafunzi aliyekuwa akilalamika kuwa Kiswahili ni lugha ya kigeni ameikuta lugha hiyo ndani ya neno la nyumbani kwake.

Kasoro ya tatu ni kupokea uwongo kwa kuwa unapendeza. Kayabwe mgeni huonyeshwa makarai matatu: moja kaskazini mwa mstari, moja kusini na moja katikati. Ua huelea juu ya maji, na maji huzunguka huku, huku, na katikati yakashuka bila kuzunguka. Miongozo hueleza kwamba hiyo ni kazi ya mzunguko wa dunia. La hasha! Mzunguko wa dunia hupindisha dhoruba kubwa za baharini, lakini nguvu yake ni ndogo mno kuyaamuru maji ya karai, seuze hatua chache tu kutoka mstarini. Kinachoamua ni mkono umiminao. Simlaumu mwenye karai. Anatafuta riziki yake, na mchezo wake ni mzuri. Namlaumu mwandishi ambaye hakuuliza, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wanakili.

Kasoro ya mwisho ni kuifanya safari yenyewe kuwa tupu. Vijitabu huhesabu saa za njiani kama hasara. Lakini ndani ya teksi abiria husema "mu maaso awo" ili ashushwe mbele kidogo; wachuuzi wa Najjembe, ukingoni mwa msitu wa Mabira, huinua mishikaki ya kuku na gonja za kuchoma hadi madirishani; kondakta huhama kutoka Kiganda hadi Kiswahili mara amtambuapo mgeni kutoka Busia. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Mahali pa kuupima urasmi huo si katika katiba peke yake. Ni katika kiti cha nyuma cha teksi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maandishi haya humponya mgeni, nayo humsahau mwenyeji. Nashauri, basi, kwamba tusiyatupe, bali tuyafanye matini ya darasani. Kabla ya safari, wanafunzi wapigie mistari vitenzi vyote vya kijitabu na kuuliza nani ametenda na nani ametendwa. Wakiwa njiani, waulize maana za majina kwa wazee na mafundi. Wakirudi, waandike upya ukurasa mmoja wa mwongozo kwa Kiswahili sanifu, kila kitenzi kikirudishiwa mwenyewe.

Nasi walimu, kabla ya kuinua kalamu nyekundu, tukumbuke kwamba huenda mtoto aliyeandika "alifika" ameandika sawasawa.