Komoni ikishaipuliwa: usafi wa vyombo kwa anayeanza kupika

Anayeanza kupika pombe ya komoni nyumbani humaliza nguvu zake kwenye sufuria. Anaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae, wakati sufuria hiyo itakaa motoni muda mrefu na uji utatokota ndani yake. Moto utaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wowote. Hatari inaanza uji ukishaipuliwa. Kuanzia hapo, kila kinachogusa uji uliopoa kinaacha kitu ndani yake: upawa, ndoo, mfuko wa kuchujia, kiganja, hata maji yaliyosuuzia ndoo.

Kimea cha ulezi nacho lazima kisubiri uji uwe vuguvugu, kwa sababu moto mkali unaua nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari. Kimea hicho hakijachemshwa. Kinaingia na bakteria wake wa uchachu na hamira zake. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaikia usafi wa chumba cha upasuaji. Tunachotaka ni wale wa kimea wawahi kabla ya wengine. Wakishashika, asidi yao inakuwa ulinzi. Miaka ya 1990 mtafiti Rose Kingamkono na wenzake walionyesha kwamba togwa, uji wa kimea uliochacha, inazuia bakteria kadhaa wanaoharisha watoto. Ila asidi hiyo inachukua saa nyingi kujengeka. Katika saa za mwanzo uji ni mtamu, una joto na bado haujachachuka, na kijidudu chochote kilichojificha kwenye chombo kinakuta karamu.

Kinajificha wapi? Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, chombo ambacho Lipangalala, mjini Ifakara, hakuna nyumba inayokikosa. Mwanafunzi wa upishi atakwambia, "Mama, hii nimeiosha kwa sabuni mara mbili." Mama mzoefu hatazami chini ya ndoo, anapitisha kidole chini ya ukingo, pale plastiki inapojikunja. Mara nyingi kidole kinatoka na utelezi. Huo ni utando wa vijidudu vya pombe iliyopita, na sabuni iliyomiminwa tu haiuondoi. Unahitaji brashi au kitambaa, na kusugua. Steelwool isiguse plastiki kabisa, maana inachora mifereji ambayo hakuna brashi itakayoifikia. Ndoo iliyokwisha kuchorwa ihamie kwenye kufulia. Ndoo yenye bomba, fungua bomba lote utoe na mpira wake. Machicha hukaa nyuma ya mpira huo wiki nzima bila kuonekana.

Kusugua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuua kilichobaki, na hapa vyombo havifanani. Mwiko, upawa wa chuma na mfuko wa kuchujia vichemshwe. Ndoo nyembamba ya plastiki hujikunja kwa maji yaliyotoka kutokota, kwa hiyo yenyewe itiwe klorini. Jiki ya dukani isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, inatosha kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, au mililita 100 kwa ndoo nzima ya lita 20. Iache dakika kumi, na ukingo nao uloane. Ukiitia kwenye ndoo yenye machicha, nguvu yake inaishia kwenye machicha. Ndiyo maana kusugua kunatangulia. Kamwe usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Baada ya hapo ndoo isuuzwe, la sivyo pombe itakuwa na ladha ya dawa ya hospitali. Wengi wanaharibu kila kitu katika hatua hii, kwa kusuuza na maji mabichi ya kisima. Ifakara inajua gharama ya maji. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1997, watafiti walilinganisha wagonjwa 180 wa kwanza na watu 360 ambao hawakuugua. Kuoga mtoni na kukaa mbali na chanzo cha maji vilihusiana na ugonjwa, na kijidudu chenyewe kilipatikana kwenye chanzo kikuu cha maji cha mji. Maji ya kusuuzia yachemshwe na kufunikwa mapema, siku moja na ya kupikia. Kisha ndoo iinikwe juu ya kichanja safi ikauke. Kitambaa cha kufutia kinarudisha ulichokwisha kukiondoa.

Lipo jambo ambalo jiki na moto haviliwezi. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa kunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa unga wa mahindi ulioharibika. Bakteria walikuwa wametengeneza asidi ya bongkreki ndani ya unga, sumu isiyovunjwa na kuchemsha. Huku nako, bonde la Kilombero ulipo mji wa Ifakara likijaa maji wakati wa masika, magunia huloa stoo na unga wake huuzwa kwa bei ya kutupa. Unga wa namna hiyo, wenye ukungu au harufu ya uvundo, ufukiwe. Hata kuku wasipewe.