Urithi wa Imani na Swali la Ukoo: Kuisoma Uhuru wa Watumwa kutoka Galu

Uhuru wa Watumwa (1934) ya James Mbotela imezoeleka kuhakikiwa kwa swali moja: je, mwandishi anamtukuza mkoloni? Swali hilo ni halali, na jibu lake halina utata. Lawama kubwa katika masimulizi humwangukia Mwarabu, na sifa kubwa humwendea Mwingereza. Hata hivyo, swali hilo limelifunika jingine lililo zito zaidi: imani ya Kikristo huhamaje kutoka kwa mzazi hadi kwa mwana? Swali hili hupata makali linapoulizwa kutoka Galu, katika pwani ya Kwale, ambako hali ya ukoo ni kinyume cha ile aliyoandikia Mbotela.

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Wakazi wake walikuwa watu walionyang'anywa wajomba, makaburi na lugha za nyumbani. Misheni ikaijaza nafasi hiyo yote: ikawapa jina la ubatizo, shamba, shule, ndoa na kengele ya kuigawa siku. Methali husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa hawakuiacha asili, waliporwa.

Kwa mintarafu hii, muundo wa kitabu unaeleweka. Mwana anasimulia mateka ya kizazi cha baba yake, Myao aliyetekwa na kisha kuokolewa, na masimulizi yanasonga kutoka gizani hadi nuruni mithili ya safari ya Waisraeli. Imani inarithishwa pamoja na deni. Shukrani ndiyo chombo kinachobeba mtazamo mzima wa ulimwengu, na hapo ndipo penye udhaifu wa kazi hii: mrithi aliyelelewa katika shukrani hana pa kusimama ili amhoji mwokozi wake.

Huko Galu, chombo hicho hakina pa kutua. Wadigo hawakupoteza ukoo. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio jirani, ungali chini ya ulinzi wa wazee, nao ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Aidha, kwa desturi ya kale, mali ya Mdigo ilirithiwa na mpwa wake, si mwanawe. Uislamu ulipoenea, sheria yake ilimpa mwana haki, na katika enzi ya ukoloni mashamba na minazi vikawa chanzo cha mashauri kati ya mwana na mpwa. Ikiwa dini iliyokubaliwa na walio wengi ilibidi ijadiliane na mjomba, Ukristo wa wachache ungewezaje kumpita bila kumsalimu? Mdigo aliyebatizwa angali mpwa wa mtu. Kuoa kwake na kuzikwa kwake ni mambo ya jamaa nzima, ambayo aghalabu ni ya Waislamu.

Lakini jamaa hiyo hiyo ina hazina. Dhambi, toba, rehema, malaika na nabii ni maneno yanayotamkwa msikitini na kanisani pia, na jina Mlungu limetangulia dini zote mbili. Agano Jipya katika Chidigo, lililochapishwa mwaka 2007, lina uzito wa kifasihi kwa sababu hii: linaiwezesha imani kusimuliwa jikoni na kibarazani kwa lugha ya mama na bibi, pasipo kumtaka msikilizaji awe yatima kwanza.

Inadhihirika basi kwamba simulizi ya uokozi aliyoijenga Mbotela ni kweli ya Frere Town, wala haifai kuazimwa kuwa kielelezo cha kila familia ya Kikristo ya pwani. Riwaya ya familia ya namna hiyo kutoka Galu ingehitaji mhusika ambaye Uhuru wa Watumwa haikuweza kuwa naye: mjomba asiyebatizwa, anayependwa, na mwenye haki ya kujibiwa. Imani isiyoweza kuzungumza naye itarithiwa na mtu mmoja tu, kisha ikome.