Kufuatilia Muda wa Majina ya Vikoa

Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja. Hulipiwa kwa kipindi, na malipo yasiporudiwa huondoka. Kikoa cha taifa la Uganda, .ug, kilianza mwaka 1995, na majina ya co.ug, or.ug na sc.ug hutumiwa na kampuni, asasi na shule. Ofisi ya Kampala yenye jina la .co.ug mara nyingi huwa pia na la .com lililosajiliwa ng'ambo, kila moja na tarehe yake.

Wengi hutegemea barua pepe ya ukumbusho. Kwa majina kama .com, kanuni ya 2013 ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, humtaka msajili (kampuni inayosajili jina kwa niaba ya mteja) aitume takriban mwezi mmoja na tena wiki moja kabla ya muda kwisha. Barua hiyo humfikia aliyejiandikisha, ambaye huenda aliacha kazi zamani. Hatari kubwa zaidi ni anwani iliyo ndani ya kikoa kilekile: jina likizimwa, barua ya onyo nayo haifiki. Hata Microsoft ilisahau kulipia passport.com mwezi Desemba 1999, watumiaji wa Hotmail wakashindwa kuingia, hadi mtu baki alipolipa dola 35.

Dawa ni kuiuliza masjala yenyewe, yaani hifadhidata rasmi ya majina ya kikoa husika. Programu fupi huwekwa kwenye seva ijiendeshe mara moja kwa siku, isome orodha ya majina, iulize WHOIS, huduma ya kuulizia taarifa za usajili, kuhusu kila moja, kisha ihesabu siku zilizobaki. Ugumu uko katika kusoma majibu: WHOIS hurudisha maandishi huria, na masjala ya .ug huitaja tarehe ya mwisho kwa maneno tofauti na ya .com. RDAP, mrithi wake, hujibu kwa muundo mmoja unaosomeka na kompyuta. Saa nazo huponza: tarehe za .com hufuata saa ya dunia (UTC), kwa hiyo saa sita usiku ya UTC ni saa tisa usiku Kampala.

Maswali yaachiane nafasi, maana seva za WHOIS huwafungia wanaouliza mfululizo. Jibu lisiposomeka, programu itoe onyo. Kamwe isichukulie kimya kuwa salama. Maonyo ya siku 60, 30 na 7 yawafikie watu wawili kwa anwani iliyo nje ya vikoa hivyo, pamoja na arafa ya simu. Yasikome kwa sababu mhasibu amesema amelipa, bali tarehe mpya ikionekana kwenye masjala.

Jina la .com lililopitwa na muda huweza kubaki kwa msajili hadi siku 45. Likifutwa, mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa, kwa kawaida kwa ada kubwa zaidi. Siku tano baadaye huachiliwa, na yeyote anaweza kulisajili.