Mcheza Kwao na Theluji ya Unga

Mazingaombwe ni sanaa. Twaanza na kauli hii kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoyahesabu kuwa upuuzi wa kuwapumbaza watoto, na wapo wanaoyaogopa wakidhani ni uchawi. Wote wamekosea. Mfanya mazingaombwe hutunga kama mshairi atungavyo: huchagua la kudhihirisha na la kuficha, hupima muda, akawafikisha watazamaji mahali ambapo pumzi husimama. Kwa hiyo yatupasa kumhakiki kama tuwahakikivyo wasanii wengine, tukimsifu penye sifa na kumwambia penye kasoro.

Tulihudhuria mahafali ya shule moja ya sekondari, ambako msanii wa aina hii alialikwa kuwaburudisha wahitimu na wazazi wao. Alivaa koti refu jeusi na kofia ndefu ya Kizungu. Alimimina maji katika kikombe, akakifunika kwa kitambaa chekundu, akatamka maneno yasiyo ya lugha yoyote, kisha akakifunua. Maji hayakuwamo tena. Akatia mkono akatoa theluji, nyeupe na nyepesi, ikifurika vidoleni na kuanguka jukwaani. Ukumbi ulirindima kwa makofi. Nasi tulipiga makofi, wala hatuoni haya kukiri.

Kisha mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza akasimama kwa adabu, akauliza: "Shikamoo mzee. Je, theluji hiyo ni kama ile ya Mlima Kilimanjaro?" Msanii akajibu: "Hii ni ya jini la Ulaya, mwanangu. Ukiigusa, mkono utakauka." Watoto wa safu ya mbele walirudi nyuma kwa hofu. Kwa maoni yetu, sanaa yake ilikufa papo hapo.

Theluji ile haikuwa na jini. Ni unga wa kikemia uitwao sodiamu poliakrileti, ambao jamii yake hutiwa pia katika nepi za watoto wachanga. Unga wa namna hii, ukitiwa katika maji safi, waweza kunywa maji yenye uzito mara mia kadhaa kuliko uzito wake. Ule wa theluji umetengenezwa ufure kwa haraka, punje zake zikae mbalimbali badala ya kushikamana kama ute. Hauna baridi ya barafu wala hauyeyuki juani. Maji yakikauka hurudi kuwa unga. Ukinyunyiziwa chumvi, huyatema maji uliyoyanywa. Mwalimu wa kemia anaweza kuyaonyesha hayo darasani kwa dakika chache, mradi awaonye wanafunzi wasiuonje wala kuutia machoni, na sakafu ifagiliwe vizuri maana huteleza.

Pengine tutalaumiwa kwamba tumefichua siri ya kazi ya watu. La hasha! Unga huuzwa dukani. Siri ya msanii imo mkononi mwake: unga aliuficha wapi, aliutia lini, na jicho letu alilielekeza upande gani. Hiyo hatukuigusa, na tunaiheshimu.

Tunalolaumu ni lile jini. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya imani za kishirikina. Mahali penye majeraha kama hayo, kumwambia mtoto kwamba mkono wake utakaushwa na jini si mzaha mtupu. Msanii wa mazingaombwe ana fursa adhimu ya kumfundisha mtoto kwamba jambo laweza kustaajabisha mno na bado likawa na sababu yake. Yule wa mahafali aliitupa fursa hiyo.

Tena aliitupa bila haja, kwani theluji haikosi hadithi. Mchekeshaji wa Urusi, Slava Polunin, ana onyesho lililoanza mwaka 1993 ambalo humalizikia katika tufani ya theluji. Theluji yake ni vipande vya karatasi tu. Lakini watazamaji wamekwisha kumwona akiagana na mpendwa wake na kuichana barua, vipande vya barua vikageuka theluji. Tufani inapowavumia, wanajua ni ya huzuni gani. Karatasi yake duni yaushinda unga wa gharama kwa sababu imebeba maana, na maana hiyo ameichota kwao, penye majira ya baridi.

Je, sisi hatuna theluji yetu? Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita "baridi" tu. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Hapo ndipo penye mchezo! Msanii asimame na kikombe chake, asimulie jinsi theluji ya kweli ilivyokanushwa na mtu aliyekuwa mbali nayo, kisha aitoe mbele ya macho yetu. Na akitaka kutuliza kimya, anyunyizie chumvi, theluji isinyae mkononi mwake, atukumbushe kwamba zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2007.

Swali la yule mwanafunzi, basi, lilikuwa limembebea msanii mchezo mzima mlangoni, naye akaufukuza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hatumkatazi mtu kununua unga kutoka ng'ambo, kwani chombo hakina kabila. Twamwomba tu kwamba akisha kuununua, aucheze kwao, na mtoto akiuliza, ajibiwe.