Mantiki ya Msuko katika Filamu ya Rocky III: Kutoka Ulingo wa Kinshasa hadi Ulingo wa Sinema

1.0 Utangulizi

Filamu ya masumbwi inayofuata nyingine huwa na tatizo ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo: mhusika mkuu amekwisha kushinda. Ili apigane tena, sharti kwanza apungukiwe na kitu, na mtunzi analazimika kuonyesha ni kitu gani na kitapatikanaje. Makala haya yanachunguza jinsi tatizo hilo lilivyotatuliwa katika Rocky III (1982), filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Sylvester Stallone, ambaye pia ndiye anayemwigiza shujaa wake, Rocky Balboa. Hoja kuu ni kwamba filamu hiyo inaeleza vizuri kushindwa kwa shujaa, lakini haielezi ushindi wake. Ushindi huo unafanana mno na ule uliopatikana Kinshasa mwaka 1974, ila umeletwa bila sababu zilizouwezesha.

Kipimo kinachotumika si kigeni kwa wanafunzi wa fasihi. Aristotle alidai kwamba tendo moja litokane na jingine, wala lisilifuate tu, E. M. Forster naye, mwaka 1927, alitofautisha hadithi na msuko kwa msingi wa usababishi. Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuiona tofauti hiyo. Sentensi "akapigwa, akaanguka, akainuka, akashinda" ni sahihi kabisa, lakini kiambishi -ka- kinaahidi mfuatano tu. Msuko hujaribiwa pale tunapoweka "kwa sababu hiyo" baina ya kitenzi na kitenzi, tukatazama kama sentensi ingali inasimama.

2.0 Kushindwa kunakoelezeka

Rocky alimshinda Apollo Creed katika filamu ya pili (1979). Ya tatu inapoanza, amekwisha kuutetea ubingwa wake mara kumi. Ni tajiri, na mji wake wa Philadelphia unamzindulia sanamu. Katika sherehe hiyo Clubber Lang, mpinzani anayeshika nafasi ya kwanza, anamwita ulingoni hadharani. Hapo ndipo mkufunzi mzee, Mickey, anapokiri kwamba wapinzani wote wa Rocky walichaguliwa kwa uangalifu ili asidhurike.

Ungamo hilo ndilo kiungo bora cha filamu nzima. Rocky hakukutanishwa na hatari. Kwa sababu hiyo alilegea. Kwa sababu hiyo alifanya mazoezi yake katikati ya mashabiki na muziki. Kwa sababu hiyo Lang anamwangusha katika raundi ya pili. Hata upendo wa Mickey, ambao mtazamaji angeuhesabu kuwa jambo jema, unageuka chanzo cha anguko. Mickey anafariki usiku huohuo, na shujaa anabaki bila ubingwa na bila mkufunzi. Kufikia hapa hakuna kitenzi kinachoning'inia.

3.0 Ushindi usioelezeka

Apollo, adui wa zamani, anajitolea kumfundisha Rocky, naye anaagiza dawa mbili. Ya kwanza ni ya moyo: Rocky arudishe njaa ya mtu asiye na kitu, ile ambayo Apollo anaiita jicho la simbamarara. Ya pili ni ya mwili: aache kupigana kama mtu anayebomoa ukuta, ajifunze wepesi wa miguu. Sehemu kubwa ya filamu inatumika kumwonyesha akijifunza mwendo huo huko Los Angeles, akishindwa, kisha akiuweza.

Katika raundi ya kwanza ya pigano la marudiano, mafunzo hayo yanazaa matunda: Rocky anakwepa na kupiga, Lang anashangaa. Kama ushindi ungetokea kwa njia hiyo, msuko ungefungwa. Katika raundi ya pili, hata hivyo, Lang anamwangusha. Rocky anainuka, anaacha kukwepa, anamdhihaki mpinzani wake na kumtolea uso ili apigwe. Kona yake yenyewe inashangazwa. Katika raundi ya tatu Lang amechoka, na Rocky anammaliza. Swali linajileta lenyewe: mafunzo ya wepesi yalikuwa ya kazi gani, ikiwa ushindi unapatikana kwa kusimama na kupigwa?

Kuna utetezi unaostahili kusikilizwa. Kabla ya marudiano, Rocky anamkiri mkewe Adrian ufukweni kwamba anaogopa. Kwa hiyo, mtetezi atasema, kuyakubali makonde kwa hiari ni uthibitisho kwamba woga umekwisha. Hoja hiyo ni kweli kwa upande wa moyo wa Rocky, lakini haigusi mwili wa Lang. Raundi moja ya masumbwi ni dakika 3. Bingwa anayeogopwa na wote anachokaje kwa muda mfupi kiasi hicho, tena akiwa ndiye anayepiga? Ujasiri wa anayepigwa hauwezi kuwa sababu ya uchovu wa anayempiga.

4.0 Pigano la Kinshasa

Jibu la swali hilo halimo ndani ya filamu. Limo katika historia ya nchi hii. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, alikutana na George Foreman, mwenye miaka 25. Foreman alikuwa ameshinda mapigano yote 40, 37 kati yake kabla ya raundi zilizopangwa kwisha. Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja alimaliziwa katika raundi ya pili. Ali alikuwa ametangaza kwamba angecheza kwa miguu. Alianza kwa kushambulia, kisha kuanzia raundi ya pili akaegemea kamba na kumwacha Foreman apige, huku kona yake ikimpigia kelele atoke hapo. Katika raundi ya nane Foreman alianguka.

Mfanano ni dhahiri: mwanzo wa namna moja, mageuzi yasiyotazamiwa, dhihaka, kona iliyoduwaa, mpiga ngumi aliyechoka. Lakini huko Kinshasa kila hatua ilikuwa na sababu yake. Foreman alizoea kumaliza kazi mapema, kwa hiyo hakujiwekea akiba ya nguvu. Ali hakutoa uso wake. Alijikinga kwa mikono, aliinama nyuma ya kamba na kuikandamiza shingo ya mwenzake walipokumbatiana. Joto lilikuwa kali, na raundi zilikuwa nane, si tatu. Umati nao ulipaza sauti kwa Kilingala, "Ali, boma ye", yaani "Ali, muue", na Foreman alipigana akijua kwamba uwanja si wake.

Inaweza kupingwa kwamba Ali pia alifanya kinyume cha alichotangaza. Ni kweli, lakini historia ina ruhusa ya kushangaza kwanza na kueleza baadaye. Kisa cha kubuni hakina ruhusa hiyo, kwani mtunzi ndiye aliyechagua kila tukio, na angeweza kuutayarisha mshangao wake.

5.0 Hitimisho

Ikumbukwe kwamba mfululizo huu wote unatokana na kivuli cha Kinshasa. Ali aliutetea kwa mara ya kwanza ubingwa alioupata Kinshasa tarehe 24 Machi 1975 dhidi ya Chuck Wepner, na pigano hilo ndilo linalotajwa kuwa lilimchochea Stallone kuiandika Rocky (1976). Apollo mwenyewe, kwa majigambo na wepesi wake, anamkumbusha mtazamaji Ali. Hivyo katika Rocky III mwalimu anafundisha mchezo wa Ali kijana, na mwanafunzi anashinda kwa mchezo wa Ali wa Kinshasa, bila mtu yeyote kueleza jinsi alivyotoka kwenye mmoja hadi kwenye mwingine.

Kwa mtazamaji wa Lubumbashi, kasoro hii si ya ufundi tu. Pigano la Kinshasa lilipopita mikononi mwa filamu, hila ilibaki, mahali pakaondolewa: joto, kamba, saa, umati na lugha yake. Vitu hivyo vilivyoachwa ndivyo hasa vilivyokuwa sababu. Mhakiki anayeuliza "kwa sababu gani?" anaukosoa msuko, na papo hapo anarudisha mahali pake tukio lililong'olewa katika udongo wake.