Curtis Alifuta Saa, Akafuta na Ushahidi

Picha ya Edward Curtis ya mwaka 1910, ile ya Little Plume na mwanawe Yellow Kidney wa kabila la Piegan wakiwa wameketi hemani, haihitaji kuelezwa kwa wapenzi wa picha. Ila wengi wanaoisifu wameiona ile ya kitabuni tu. Nakala iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani ina saa ya mezani, imewekwa chini katikati ya baba na mwana. Katika kitabu chake, The North American Indian, saa hiyo haimo, imefutwa. Mwanga wa picha ni mzuri, toni zake laini, na hilo namkubalia Curtis bila ubishi. Kosa ni la uamuzi, na ni kosa kubwa.

Tuutazame uamuzi huo kwa jicho la fundi. Saa ilikuwa katikati ya fremu, mahali ambapo mpiga picha hupakagua kwanza anapowapanga watu wake. Kama ilimkera, angeisogeza kando kabla ya kufungua shata. Hakuisogeza. Alipiga picha nayo, kisha njiani kati ya negativu na karatasi ya fotogravu ikatoweka. Kinachomsuta zaidi ni maelezo yaliyochapishwa pamoja na picha. Yanataja kiko na vifaa vyake juu ya ubao wa kukatia tumbaku, ngao ya ngozi, upepeo wa bawa la tai, hata kamba ya kukazia hema wakati wa dhoruba. Vilivyoning'inia pembeni vimeorodheshwa kimoja kimoja. Kilichokaa katikati hakikutajwa kabisa.

Watetezi wake husema zama zile kila mtu alirekebisha picha. Ni kweli, na ritachi si haramu. Nimelisema hilo katika safu hii na sitachoka kulirudia. Mwaka 1858 mpiga picha Henry Peach Robinson aliunganisha negativu 5 kupata picha ya Fading Away, lakini aliitoa kama kazi ya sanaa, na baadaye akaieleza njia yake hadharani. Curtis aliuza elimu: juzuu 20 za The North American Indian kati ya 1907 na 1930, kwa fedha za J. P. Morgan na dibaji ya Rais Theodore Roosevelt. Anayeuza ushahidi hana ruhusa ya mchoraji. Wengine husema alitaka kuhifadhi maisha ya kale kabla hayajapotea. Lakini watu waliokaa mbele yake walikuwa watu wa 1910, na kuwa na saa hakukuwapunguzia Upiegan wao hata chembe. Kuifuta ni kumwambia msomaji kwamba karne ya 20 haiwahusu. Ugonjwa huo tunao hata kwetu, kwenye kalenda za watalii zinazomtaka Mmaasai aifiche simu yake ndipo apigwe picha.

Sasa mlinganishe na Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948. Alitumia mwanga wa jua, na mara nyingi shata ilifunguka mara moja tu kwa kila mteja. Katika picha zake saa za mkononi na redio zimewekwa mahali pa kuonekana, na asiyekuwa navyo aliazimwa. Mtaniambia huko nako ni kupanga picha. Naam, lakini mpango huo ulikuwa wa mteja: yeye ndiye aliyetaka kuonekana hivyo, na Keïta akamtumikia. Curtis aliamua peke yake, baada ya waliopigwa picha kuondoka, na hakumwambia msomaji. Hapo ndipo mkubwa anapojitenga na mwenye jina kubwa.

Njia ya mwongo ni fupi: nakala yenye saa ipo, na kila mtu anaweza kuiona. Wanaoendelea kuchapisha kazi za Curtis waziweke picha zote mbili ukurasa mmoja, na maelezo yake yaanze na saa.